Wasomaji Wanauliza: Sabuni Zimebaki Stoo, Faida Imetoka Wapi?

Mwezi huu barua za gharama ndio zimejaa mezani, tena karibu zote za upande wetu huu wa reli, Kigoma na Tabora. Nimechagua nne. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu maana ndani yake kuna ugomvi ambao wahasibu wameupigana zaidi ya miaka mia, nyingine nimezipitia haraka haraka, msininunie.

SWALI: Shikamoo mzee. Nina karakana ya sabuni za mche hapa Mwandiga, tunapika kwa mawese. Nimemwajiri kijana wa mahesabu katoka chuo juzi tu. Mwezi wa nne tulipika katoni 200 tukauza zote, akaniambia faida ni 200,000. Mwezi wa tano biashara ikalala, tukauza 150 tu, lakini nilikuwa nimeshasema mafundi wasikae bure, wakapika 300. Akaniletea faida 450,000! Nikamwambia rudia, karudia, ile ile. Na hela droo haina. Katoni nauza 25,000, vinavyoingia kwenye katoni moja (mawese, kostiki, kuni, boksi na fundi ambaye namlipa kwa katoni) ni 18,000, halafu pango, mlinzi na msimamizi wa karakana ni 1,200,000 kila mwezi tupike tusipike. Juu ya hilo kuna mteja wa Tabora anataka katoni 100 kwa 21,000, usafiri wake, kijana anakataa anasema katoni imetugharimu 22,000 na mwezi wa nne ilikuwa 24,000 kwa hiyo ni hasara. Ananiibia au anajua kazi? – Mama wa sabuni, Mwandiga

JIBU: Marahaba mama. Hakuibii, na hesabu yake kwa jinsi alivyofundishwa ni sahihi kabisa, ndio maana karudia ikatoka ile ile. Anatumia kostingi ya absopsheni, yaani kila katoni inabebeshwa kipande cha ile 1,200,000. Mwezi wa nne kagawa kwa 200, kila katoni ikabeba 6,000, jumla 24,000, umeuza 25,000, faida buku moja moja mara 200. Mwezi wa tano kagawa kwa 300, kila katoni 4,000, jumla 22,000, faida 3,000 mara katoni 150 ulizouza ndio hiyo 450,000. Sasa angalia stoo. Zile katoni 150 zilizolala kule kila moja imebeba 4,000 ya pango na mlinzi, jumla 600,000 ya gharama za mwezi wa tano imefungiwa stoo na sabuni, haijaingia kwenye hesabu ya faida. Itoe huko uone: 450,000 toa 600,000, ni hasara ya 150,000. Na hela mfukoni ndio mbaya zaidi, maana umetoa 5,400,000 kupikia zile katoni 300, ukaongeza 1,200,000 ya mwezi, jumla 6,600,000, na kama wote wamekulipa taslimu umeingiza 3,750,000. Droo itakuwaje na kitu?

Hii kitu sio ya Mwandiga peke yake. Mwaka 1936 kuna mhasibu wa Marekani anaitwa Jonathan Harris, wa kampuni ya kemikali ya Dewey and Almy, aliandika makala kwenye jarida la chama cha wahasibu wa gharama wa kule, kichwa chake ukikiweka kwa Kiswahili ni mwezi uliopita tumepata nini. Bosi kwenye makala ile yuko kama wewe ila kinyume chake: mauzo yamepanda, kafurahi, anafungua ripoti anakuta faida imeshuka, anamwita mhasibu amweleze na maelezo hayamuingii akilini. Harris akasema dawa ni hii, pango na mishahara ya mwezi na vitu vya namna hiyo visikae kwenye stoku, vikatwe vyote mwezi uleule vilipotumika, bidhaa ibebe zile tu zinazopanda na kushuka na uzalishaji. Ikaitwa kostingi ya moja kwa moja, Waingereza wanaiita ya majino, yaani marginal kwa lugha yao. Ukiifuata hiyo mwezi wako wa nne ni 200 mara 7,000 toa 1,200,000, unapata 200,000, sawa na ya kijana kwa sababu hukubakiza kitu. Mwezi wa tano ni 150 mara 7,000, ni 1,050,000, toa 1,200,000, hasara 150,000. Mauzo yakishuka faida inashuka, mtu yeyote anaelewa.

Wazo lenyewe lakini lilikuwepo muda mrefu kabla ya Harris. Josiah Wedgwood, yule mfinyanzi wa Uingereza aliyekuwa anauza vyombo kwa wafalme, soko lilipobana mwaka 1772 alikaa na madaftari yake usiku akagundua kuna gharama zinazokwenda kama saa ya ukutani, utengeneze vyombo vingi au vichache zenyewe ni zilezile, kwa hiyo afadhali atengeneze vingi vya aina moja. (Madaftari hayohayo yakamuonyesha na madudu ya karani wake, kwa hiyo mama kukagua ni kuzuri hata kama hujaibiwa.) Mwaka 1887 Garcke na Fells, mmoja fundi wa umeme mmoja mhasibu, wakatoa kitabu cha hesabu za viwanda wakasema wazi gharama za kudumu za kampuni zisisambazwe kwenye bidhaa, zina mambo yake zenyewe. Ujerumani Eugen Schmalenbach akawa anaandika hayohayo mwaka 1899.

Sasa mbona kijana wako kafundishwa vingine? Kwa sababu upande wa pili nao una watu wenye akili. Mwaka 1901 Alexander Hamilton Church, Mwingereza, akaandika mfululizo wa makala akisema jamani viwanda vya siku hizi ni mashine, ovahedi, yaani gharama za jumla kama pango na msimamizi, imekuwa kubwa kuliko mshahara wa fundi, ukiitupa nje ya bidhaa utakuwa hujui bidhaa imekula nini, na ukiigawa kwa asilimia ya mshahara kama wengi wanavyofanyaga utakuwa unadanganya, maana fundi mwenye nyundo na fundi mwenye mashine ya mamilioni hawali sawa. Yeye akataka kila mashine ihesabiwe kama kiwanda kidogo chenye kodi yake kwa saa. Na muda mashine iliokaa bure akauhesabu pembeni kwanza, ila mwisho wa siku akaurudisha kwenye bidhaa. Hapo Henry Gantt, huyu wa chati za ratiba mnazozijua, akamkatalia mwaka 1915 mbele ya wahandisi wa Marekani: bidhaa ibebe kile kilichohitajika kuitengeneza basi, mashine iliyolala ni hasara ya mwenye kiwanda, usimtwishe mteja.

Mimi kwa ugomvi huu nasimama na mtu wa tatu, mchumi J. Maurice Clark, mwaka 1923 yeye alisema gharama sio moja, inategemea unaitaka ya kazi gani. Watu wamemnukuu sana halafu hawamfuati. Kijana wako anachokosea sio hesabu, ni kuichukua namba ya kuthaminia stoku akaenda nayo kwenye meza ya kuamua bei.

Tuje kwa mteja wa Tabora. Jiulize ukimpa katoni 100 nini kitabadilika. Pango halibadiliki. Mlinzi habadiliki. Mafundi wana nafasi, mwezi wa tano wamepika 300 na soko likachukua 150. Zile zilizoko stoo ukizitoa utapika nyingine kwa 18,000, basi hiyo 18,000 ndio gharama ya kumuuzia, yeye anatoa 21,000, inabaki 3,000 kila katoni, laki tatu nzima. Hapa ndipo akina Ronald Coase na wenzake wa chuo cha uchumi cha London walipokuwa wanawasumbua wahasibu miaka ya 1930, yeye Coase mwaka 1938 aliandika makala mfululizo kwenye gazeti la wahasibu akisisitiza kwamba gharama ya uamuzi ni kile unachokiacha, sio kilichoandikwa daftarini. Kwa hiyo kama ungekuwa na mteja mwingine anayesubiri zilezile kwa 25,000 na huna nafasi ya kupika zaidi, basi gharama ya kumpa huyu wa Tabora ni 25,000 na unamwambia aende salama.

Ila angalia mawili. Wateja wako wa Mwanga na Ujiji wakisikia mwenzao kapewa kwa 21,000 wote watataka, na kwa 21,000 unahitaji kuuza katoni 400 kwa mwezi ndio urudishe ile 1,200,000. Pili usije ukamsikiliza kijana akikwambia mauzo yameshuka kwa hiyo tupandishe bei. Ukiuza na kupika 120, pango na wenzake wanakuwa 10,000 kwa katoni, gharama inasomeka 28,000, utapandisha bei, wateja watapungua tena, gharama inasomeka kubwa zaidi, unapandisha tena, mpaka unafunga. Viwanda vikubwa vimeshazunguka kwenye hicho kizunguzungu, sembuse sufuria zetu.

SWALI: Mzee habari za kazi. Niko Tabora mjini najiandaa na mitihani ya NBAA, bodi ya wahasibu na wakaguzi. Mwalimu wetu anasemaga ABC, kostingi inayofuata kazi zinazofanyika (activity-based costing), ndio kostingi ya kisasa hizo nyingine ni za babu zetu. Kaka yangu yuko kiwandani anasema kwao walianza ABC wakaiacha. Nimwandikie mtahini nini? – Mwanafunzi

JIBU: Mwandikie mtahini alichouliza, kwanza upasi. Ukishapasi ujue hadithi yenyewe iko hivi.

Mwaka 1987 Thomas Johnson na Robert Kaplan wa Marekani walitoa kitabu kinachosema hesabu za uongozi zimepoteza maana, kwamba karibu kila kitu wahasibu wa viwanda wanachotumia kilishavumbuliwa kufikia 1925 na baada ya hapo hesabu za wenye hisa na wakaguzi zikameza hesabu za wenye kazi. Mwaka uliofuata Kaplan na Robin Cooper wakaleta ABC kwa kishindo. Kesi yao maarufu ni kiwanda cha vipuri cha John Deere, watengeneza matrekta. Pale ovahedi ilikuwa inagawiwa kwa kazi ya fundi na mashine, sasa kipuri kinachotengenezwa maelfu kwa mkupuo kikawa kinabeba mzigo wa kipuri kinachotengenezwa vichache vichache, wakati gharama halisi ilikuwa kwenye kufunga na kufungua mashine, kuandika oda, kubeba vyuma huku na huku. Hata karakana ya sabuni ina hii, msimamizi anashinda anabadilisha faremu za vile visabuni vidogo vya marashi, miche mikubwa inajipikia yenyewe, halafu hesabu inasema miche ndio inakula mshahara wake. ABC inauliza kazi gani imefanyika na nani kaisababisha. Hapo haina mpinzani, naikubali.

Shida ilikuja kwenye madai. Watu wa ABC walisema kwa muda mrefu karibu kila gharama inabadilika kwa hiyo zigawe zote kwenye bidhaa, na wale wa majino wakasema aah, hii si absopsheni ileile imevaa suti? Na kweli ndivyo ilivyo, ukifuta bidhaa moja mshahara wa msimamizi hauondoki mpaka umwondoe msimamizi mwenyewe, hilo ni jambo la uamuzi wa bosi, fomula haimfukuzi mtu kazi. Kilichonifurahishaga mimi ni kwamba Johnson, yule yule mwenzake Kaplan, mwaka 1992 aligeuka akaandika kwamba jamani tuache kuipamba ABC. Na kaka yako yuko sahihi pia, ile ya zamani ilitaka umhoji kila mfanyakazi asilimia ngapi ya muda wake inaenda wapi, na hamna mfanyakazi atakayekwambia asilimia kumi anakaa bure, zote zitajumlika mia. Kaplan mwenyewe na Steven Anderson mwaka 2004 wakaleta toleo jepesi, unakadiria dakika tu, kazi hii dakika ngapi, na dakika zilizobaki bila kazi zinaonekana. Gantt angecheka, hilo alilidai 1915.

Halafu usisahau Wajerumani maana vitabu vyetu vinawarukaga. Hans-Georg Plaut baada ya vita kuu ya pili alijenga mfumo wa kupanga gharama kwa vituo vya kazi, kila kituo kimetenganishwa cha kudumu na cha kubadilika, na programu ya SAP inayotumika kwenye makampuni makubwa upande wa gharama imetoka kwenye mawazo hayo. Na yupo Eliyahu Goldratt, Muisraeli, mwanafizikia sio mhasibu, mwaka 1983 aliwaambia watu kwamba hesabu za gharama ndio adui namba moja wa uzalishaji. Kwake yeye kinachobadilika kweli ni malighafi tu, kibarua unayemlipa kwa siku ni gharama ya kudumu atengeneze asitengeneze, cha kuangalia ni sehemu moja iliyobana kiwanda kizima. Kwa viwanda vyetu vya kulipana kwa siku huyu ana hoja kuliko anavyopewa darasani.

Kwa hiyo za babu zetu sio neno. ABC yenyewe ni mjukuu wa Church.

SWALI: Mwakeye mzee! Sisi ni kikundi cha akina mama Simbo, tunanunua ngazi (mikungu ya chikichi), tunachemsha chikichi, tunakamua mawese, kokwa zinazobaki wenzetu wanazianika na kubangua mise, kiini cha ndani. Gharama zote tumeziweka kwenye mawese. Sasa wa mise wanaonekana wana faida tupu wanataka mgao mkubwa, wa mawese wamenuna. Mmoja kasema tugawe gharama kwa kilo. Na kuna tajiri anataka kokwa zisizobanguliwa. Tufanyeje? – Katibu wa kikundi

JIBU: Mwakeye katibu. Gharama ya ngazi, kuni na kukamua haina fungu la mawese na fungu la kokwa, ni kama kuuliza mbuzi kala majani kiasi gani kwa ajili ya nyama na kiasi gani kwa ajili ya ngozi. John Stuart Mill aliliandika hili mwaka 1848, na mwaka 1913, mwaka mmoja kabla reli haijafika Kigoma, wachumi wakubwa wawili, Taussig wa Marekani na Pigou wa Uingereza, walikuwa wanavutana kwenye jarida kama nauli za mizigo mbalimbali ya treni ni gharama za pamoja za namna hii au la. Hawakumaliza, na nyie hamtamaliza kwenye kikao cha Jumamosi.

Kwa kilo msikubali, kokwa ni nzito na bei yake ndogo, zitabebeshwa gharama mpaka zionekane hasara. Wengi wanagawa kwa thamani ya sokoni pale vinapotengana, kama mawese yangeuzwa 800,000 na kokwa zikiwa hivyohivyo 200,000 basi gharama inaenda themanini kwa ishirini. Inaleta amani, ila jueni ni makubaliano tu, hakuna mhasibu atakayewathibitishia kwamba ndio ukweli. Kwa hiyo mgao wa faida uamueni kwa katiba yenu na kwa jasho la mtu, msiusingizie hesabu.

Kwa tajiri hesabu ni nyepesi na ya ngazi haiingii kabisa, imeshalipwa. Tuseme gunia la kokwa analitaka kwa 15,000, mkibangua mise yake inauzwa 32,000 na kibarua cha kuanika na kubangua ni 10,000. Mmeongeza 17,000 kwa kutoa 10,000, kuna 7,000 ya kwenu, bangueni. Bei ya mise ikishuka chini ya 25,000 mpeni tajiri kokwa zake.

SWALI: Mzee, mimi ni mhasibu wa kampuni ndogo Kasulu. Stoku ya mwisho wa mwaka nimeithamini kwa gharama zinazobadilika tu, mkaguzi kaikataa. Kaupata wapi huo ubavu? – Mhasibu

JIBU: Kaupata kwenye IAS 2, kiwango cha kimataifa cha hesabu za stoku, na hata kama mnatumia ile IFRS (viwango vya kimataifa vya hesabu) ya kampuni ndogo kanuni ni ileile, na NBAA waliingiza viwango vya kimataifa huku kwetu tangu 2004. Ugomvi wa Harris kwenye hesabu za nje, zile za wenye hisa na wakaguzi, uliisha kwa absopsheni kushinda: Marekani waliandika mwaka 1947, wakarudia 1953, kwamba kuacha ovahedi zote nje ya stoku hakukubaliki, na Uingereza wakafuata na kiwango chao mwaka 1975. Hoja yao ni kwamba stoku isingekuwepo bila kiwanda. Ovahedi za uzalishaji ziingie, za ofisi na za kuuza zisiingie.

Lakini soma vizuri hapo kwenye uwezo wa kawaida, ndipo wengi wanapoanguka. Ovahedi ya kudumu inagawiwa kwa kiwango cha kawaida cha uzalishaji, sio kwa kile mlichotoa mwaka huo mbaya. Kama kawaida yenu ni katoni 200 kwa mwezi na ovahedi ni 1,200,000, mkitoa 100 kila moja inabeba 6,000 tu, hiyo 600,000 iliyobaki inakatwa kama gharama ya kipindi. Mkitoa nyingi kupita kawaida kiwango kinashushwa ili stoku isivimbe kupita gharama yenyewe. Kwa bosi wako endelea kumpelekea ripoti yako ya majino kila mwezi, wala sio siri wala sio daftari la pili la kumficha mtu, mwisho wa ripoti weka mstari mmoja: ovahedi iliyoko kwenye stoku ya kufunga toa iliyokuwa kwenye stoku ya kufungua, jumlisha kwenye faida yako, unapata faida ya mkaguzi. Ukimkabidhi na karatasi inayoonyesha mmefikaje kwenye uwezo wa kawaida, miaka miwili mitatu ya uzalishaji mwezi kwa mwezi, hatakusumbua.